Kwenda Rungwe Juma la Mateso

Jumatano: Dar es Salaam hadi Iringa

Basi limetoka Mbezi saa kumi na mbili na robo, mimi nimepakata ndoo ya rangi. Konda alisema buti imejaa, na kwa wiki hii nilimwamini. Kuelekea Pasaka, nusu ya watu wa Mbeya walioko Dar hurudi kwao, na kila mmoja ana godoro, tenga au salfeti. Rangi ni agizo la kaka: nyeupe, ya mafuta, lita nne, ya kupaka kingo za kaburi la mama kabla ya Jumapili.

Sisi Wamoravian Pasaka hatuianzii kanisani. Tunaianzia makaburini, jua halijachomoza. Huko husomwa majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita, na safari hii jina la mama limo. Ndiyo maana naenda. Ningeachiwa hiari yangu ningebaki Dar.

Sababu naiandika humu kwa kuwa daftari hili la Shule ya Jumapili mchungaji halisomi. Tangu tumzike, mwezi wa nane, naamka saa tisa usiku moyo ukinidunda hadi masikioni. Nimepima presha, nimepima sukari, nimepigwa kipimo cha moyo. Daktari akasema mwili hauna neno. Ninachokiogopa nakijua. Tukuyu mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na mama alikuwa mtu wa kuhisi baridi, soksi mbili, kitenge juu ya sweta, hata mwezi wa kumi na mbili. Kila redio ikitaja mvua za nyanda za juu kusini, namwona chini ya udongo ule mweusi, maji yanapita. Halafu najiona mimi. Halafu basi, usingizi umekwisha.

Na kuna jingine. Kila Jumapili nasimama na watoto tunakiri imani, na tukifika "kiyama ya mwili" nanyamaza. Nameza mate, nawaacha wao waseme, naingia tena kwenye "na uzima wa milele". Hawajawahi kugundua. Roho kuendelea kuishi mahali fulani hainipi shida sana. Bibi zetu waliamini namna yake hata kabla misheni haijafika. Unaonishinda ni mwili. Mwili wa mama nimeuosha kwa mikono yangu, mimi na mama zangu wadogo. Najua ulivyokuwa.

Njia hadi Mikumi sina la kuandika. Jirani yangu, kijana mwenye kofia, alikuwa anasikiliza mahubiri kwenye simu bila kuvaa spika za masikioni, kwa hiyo siti zote za jirani tukahubiriwa. Mhubiri alikuwa anasema shaka ni mlango wa shetani, kwamba mwenye imani kamili haogopi kitu, na anayeogopa ajichunguze. Alirudia mpaka Ruaha Mbuyuni. Tulipochimba dawa nilibaki nje kwenye mibuyu muda mrefu kuliko nilivyohitaji, nikanunua fungu la vitunguu ambalo sikulipangia, ili mradi nisirudi haraka kwenye ile sauti.

Kitonga tulipanda nyuma ya lori la mafuta. Pale ndipo kijana alipozima simu mwenyewe. Basi zima hunyamaza Kitonga, waumini na wasio waumini. Kila mtu anatazama korongo dirishani na kukanyaga breki isiyokuwepo. Nilimtazama. Alikuwa ameshika siti ya mbele kwa mikono yote miwili.

Iringa tumefika jioni. Mama mkubwa alikuwa stendi amevaa koti la kiume, akaikagua ile ndoo kabla ya kunikagua mimi. "Lita nne? Mnapaka kaburi au mnapaka shule?"

Alhamisi: Iringa

Mama mkubwa ni dada wa mama, aliyemtangulia kuzaliwa. Alikuwa muuguzi mpaka akastaafu, wodi za watu wazima kwa sehemu kubwa ya kazi yake, na anaongea kama mtu aliyezoea kuongea na wagonjwa wasiotaka kunywa dawa. Kesho nasafiri naye. Leo ametumia mchana wote kukaanga karanga za njiani na kunikataza nisisaidie.

Jioni tulikwenda Meza ya Bwana. Kanisa lilijaa, mchungaji alikuwa na mafua, ibada ikawa fupi. Nilipokea mkate na kikombe na sikuhisi kitu. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Kisha usiku. Saa tisa niliamka kama kawaida, nikaona taa ya jikoni inawaka. Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye stuli, sufuria ya maji jikoni, redio chini kabisa. Hakuniuliza kwa nini sijalala. Alinisogezea stuli nyingine, na kabla maji hayajachemka nilikuwa nimemwambia yote: mvua, udongo, ule mstari ninaouruka. Nilitegemea aniombee papo hapo, kwa sauti, huku ameniwekea mkono kichwani. Sijui ningevumiliaje.

Akasema, "Mwanangu, ulifikiri mimi niko hapa saa hizi nafanya nini?"

Yeye usingizi umempaa tangu mazishi yale yale. Alizaliwa wa kwanza, alitegemea kuzikwa wa kwanza. Zamu imerukwa na hajui aidai kwa nani. Akaniambia ameshafunga macho ya watu wengi mno, wakubwa kwa wadogo, na hajaona hata mmoja akiyafungua tena. "Kwa hiyo usinieleze habari za mwili ulivyo. Naijua kuliko wewe. Ninayemwamini ni mmoja tu, na yeye nimemwamini kwa habari ya kuletewa."

Akachukua Biblia iliyokuwa juu ya kabati la vyombo, Union Version iliyofungwa kwa gundi mgongoni, akafungua Marko sura ya mwisho. Akaniambia nisome mpaka mstari wa nane, niishie hapo. Wanawake wamefika kaburini, jiwe limeviringishwa, kijana mwenye vazi jeupe amewaambia amefufuka. Na wao? Wakakimbia, "wala hawakumwambia mtu neno lo lote, maana waliogopa."

Kwenye semina ya walimu wa Shule ya Jumapili tulifundishwa kwamba katika nakala kongwe kabisa za Marko, zile mbili za karne ya nne, Injili inaishia hapo hapo. Mistari inayofuata haimo. Niliandika, nikapiga mstari chini, sikuifikiria tena. Jikoni kwa mama mkubwa nilikaa nayo. Watu wa kwanza kabisa kuisikia habari ya ufufuo waliipokea kwa kutetemeka na kukimbia, na aliyeandika hakuona haya kutuonyesha.

"Sasa nenda Luka," akasema. Wanawake wanawapa mitume habari, na maneno yao yanaonekana kuwa "upuzi". Mitume! Waliokaa naye miaka, wakala naye juzi tu. "Nenda Mathayo, mwishoni." Wako mlimani Galilaya, wanamwona kwa macho, wanamsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka." Alikuwa ananitembeza kama anayeonyesha mgeni shamba, hapa mpaka, hapa mgomba, pale mgomba mwingine.

"Mtu akitunga habari hujipamba," akasema akizima jiko. "Hawa wamejiandika waoga, wasiosadiki, na mashahidi wao wa kwanza ni wanawake, ambao barazani enzi zile neno lao halikuwa na uzito. Nani atunge hivyo?"

Hoja hii nilishaisikia, nzuri, na kuna watu wenye majibu yao juu yake. Usiku ule haikunirudishia usingizi. Ila ilinipa wenzangu, na nilikuwa sijawahi kuwa nao saa tisa ya usiku.

Ijumaa Kuu: Iringa hadi Tukuyu

Ibada ya asubuhi kwanza, kisha stendi. Mafinga na misitu ya Sao Hill, mbao zimepangwa kando ya barabara. Makambako upepo unaokata masikio. Halafu unashuka Igawa na joto la Usangu linakupokea, mashamba ya mpunga pande zote. Mama mkubwa alikaa dirishani na kunihesabia wilaya.

Saa tisa ilitukuta karibu na Chimala. Dereva alikuwa na bongofleva tangu Iringa na hakuna aliyelalamika. Mwanamke mmoja wa siti za nyuma, sauti nene, akaanza wimbo wa mateso, taratibu, peke yake. Beti ya pili wakawa wanne, watano. Dereva akazima muziki wake. Hakuna aliyehubiri. Uliimbwa mmoja, ukaisha, kukawa kimya cha kilomita kadhaa, kisha mtu akauliza kama Igurusi kuna choo.

Katika kimya kile nilifikiria kile kilio cha msalabani, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Ni Zaburi ya ishirini na mbili, na ni swali. Yule mhubiri wa simu ya juzi sijui angemwambia nini aliyeliuliza.

Uyole tulishuka tukaingia Coaster ya Tukuyu, magoti kifuani, ndoo ya rangi miguuni mwa mtu nisiyemjua. Barabara inapanda Uporoto, viazi vimejazwa kwenye magunia mpaka vimefanya vichuguu juu, na Isyonje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye lami. Kisha unaanza kuteremka, migomba inaanza, chai inaanza, na mvua. Mvua kabisa, ya matone makubwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa ile harufu ya udongo ulioloa kupitia dirisha lisilofunga. Mama mkubwa akanishika kifundo cha mkono na kukibana mpaka tulipofika, kama wanavyoshika wauguzi, vidole kwenye mshipa.

Nyumbani mjadala ulikuwa umeshaanza bila sisi. Kaka anataka kaburi lijengewe: tailizi za rangi ya maziwa, paa dogo la bati, picha ya mama kwenye kioo. Amechora. Ana bei kutoka kwa fundi. Mjomba anasema haijengwi, kanisa lina utaratibu wake. Tuliachana saa nne usiku, kila upande ukiwa na mstari wake wa Biblia.

Jumamosi: Makaburini

Jumamosi hii kila familia husafisha kaburi lake. Tulikwenda na majembe, panga, maua ya bustanini na ndoo yangu. Eneo zima lilikuwa na watu, wanachekana, wanaazimana mafyekeo. Ungedhani ni msaragambo wa barabara. Mlima Rungwe wenyewe ulikuwa umejificha kwenye wingu kuanzia kiunoni kwenda juu.

Rangi ya mafuta haishiki kwenye saruji iliyoloa. Hilo hakuna aliyelifikiria, Dar wala Tukuyu. Kaka akatandaza turubai juu ya miti minne, tukawasha mkaa kwenye karai ili kukausha kingo, tukapaka kipande kwa kipande tukiwa tumechuchumaa, moshi machoni. Mama angecheka mpaka akae chini.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuotea moto wetu, na kwa kuwa kaka alimwonyesha mchoro wa tailizi, alitutolea historia. Wamoravian ni watoto wa wakimbizi. Walitoka Moravia kwa ajili ya imani na mwaka 1722 wakaanza kujenga kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, kwenye ardhi ya kabaila mmoja kijana, Zinzendorf. Pasaka ya mwaka 1732 vijana wa kiume wa kijiji kile walipanda kilima chao cha maziko kabla ya mapambazuko, wakaimba wakingoja jua. Ndipo ilipoanzia hii yetu. Mwaka 1891 wamisionari wao walipanda hadi hapa wakitokea Ziwa Nyasa, wakaileta. Na kule Herrnhut, akasema mzee, mawe ya makaburi yamelazwa chini, yanalingana, wanaume upande wao na wanawake upande wao, kwa kufuatana walivyokufa. Tajiri kando ya kijakazi. Mzee hakusema zaidi, alimrudishia kaka karatasi yake na kusema ndaga fijo kwa ajili ya moto. Kaka aliikunja akaitia mfukoni, hajaitupa.

Nilikuwa namalizia kona ya miguuni wakati binti wa kaka, yuko darasa la pili, aliponiuliza. Alikuwa ameshika mwavuli juu yangu kwa mikono miwili.

"Shangazi, bibi analowa?"

Ni mimi mwalimu wa Shule ya Jumapili. Nina somo la kila swali la namna hii, na picha za kubandika. Nikabaki na brashi hewani.

Mama mkubwa alijibu kutoka upande wa kichwani bila kuinua macho kwenye magugu. "Mwili wake unalowa, ndiyo. Yeye yuko na Bwana, halowi. Na huo mwili Bwana hajamalizana nao." Mtoto akafikiri. Akauliza, kwa hiyo atautaka tena? "Atautaka." Pamoja na kovu? Mama alikuwa na kovu refu mguuni, la jembe, toka ujana, na wajukuu wote walilipenda kuliko hadithi. Mama mkubwa hapo akainua macho akanitazama mimi.

Nilisema, "Yesu alirudi na yake."

Lilitoka kabla sijalipima. Lakini ni kweli ndivyo ilivyoandikwa, na nina wiki sasa natembea na sura ile ile ya Yohana kwa sababu somo la Jumapili ijayo ni Tomaso. Milango imefungwa kwa hofu. Anaingia, anasimama katikati, anasema, "Amani iwe kwenu," na anachowaonyesha ni mikono na ubavu. Matundu yapo. Luka anaongeza kwamba alipoona bado hawaamini aliomba chakula, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Nimewafundisha watoto habari hii mara nyingi nikiwa nimekazana na muujiza wa mlango. Sikuwa nimeona kwamba amani wanapewa wakiwa bado wamejifungia, hakuna aliyekwisha kuelewa, na Tomaso hata hayupo. Wala Tomaso hafukuzwi. Siku nane anakaa na watu wanaosema wamemwona, yeye akisema hasadiki mpaka atie kidole, na siku ya nane bado yumo ndani pamoja nao.

Haya nayaandika jioni, miguu kwenye beseni la maji moto. Siwezi kusema nimeamini. Nimechoka, nina rangi kwenye nywele, na swali la yule mtoto nimelijibu bila kudanganya. Sikutegemea hata hilo.

Jumapili ya Pasaka

Kengele ilipigwa bado usiku. Mvua ilikuwa imekatika na mwezi ulikuwepo, mkubwa, unaelekea kuzama. Pasaka siku zote huja nyuma ya mwezi mpevu. Tulikusanyika nje ya kanisa, tochi, taa za chemli, simu. Matarumbeta yalikuwa yamekwisha kuzunguka vijijini yakiamsha watu. Mchungaji akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetoa tangazo, "Bwana amefufuka!" Na giza zima likajibu, "Amefufuka kweli kweli!"

Tuliandamana hadi makaburini tukiimba. Jua la huku huchelewa kulishinda la Dar kama dakika ishirini, na hizo dakika nilizisikia zote. Umati ulijipanga katikati ya makaburi, si pembeni. Huwezi kusimama bila kuwa jirani na mtu aliyelala. Kingo zetu nyeupe zilionekana toka mbali, zimepakwa vibaya kuliko nilivyodhani.

Liturujia ya alfajiri hii ni ungamo la imani tangu mwanzo hadi mwisho, refu kuliko tunalosema kila Jumapili, mchungaji anasema, watu wanaitika. Nilijua mstari wangu unakuja. Nilipoona umekaribia nilifanya ninavyofanya siku zote, nikafunga mdomo.

Ila Dar nikinyamaza nanyamaza mbele ya watoto, wao wako mbele yangu. Hapa nilikuwa katikati. Mstari ulisemwa kushoto kwangu na kaka, kwa sauti yake ya kuita ng'ombe. Nyuma yangu na mama mkubwa, mkavu, kila neno peke yake, mwanamke asiyelala usiku na aliyefunga macho ya watu asiowajua idadi. Chini ya kiwiko changu na yule binti, ambaye alikosea maneno. Mbele na mzee wa jana. Mamia ya watu, nusu yao wana udongo mpya wa mtu wao pale pale, wanausema juu ya udongo huo. Ulisemwa wote bila mimi, haukupungua kitu. Hapo kifua kikafunguka. Sina namna ya kueleza vizuri zaidi. Miezi yote hii nilidhani kazi ya kuushikilia ule mstari ni yangu, kwamba nikiuachia utaanguka na mama ataanguka nao. Niliuachia kwa sekunde zile na ulikuwa umeshikwa.

Kisha majina. Husomwa taratibu, kila moja na siku ya kulala. La mama lilipofika nilisikia mama mkubwa akivuta pumzi. Mchungaji akakosea matamshi ya jina lake la ubatizo, kama walivyokuwa wanakosea wote, kama alivyokuwa analalamika mwenyewe kila akisomwa kwenye orodha ya ahadi. Kaka alinitazama. Tulicheka wote wawili, kwa mabega, huku tunalia.

Jua halikuonekana. Wingu lilirudi dakika za mwisho, kukapambazuka kijivu tu, kila kitu kikajionyesha polepole: nyuso, matope, migomba. Hakuna aliyesikitika. Tarumbeta zilipiga, watu wakaimba kwamba Mwanakondoo ameshinda, na kwenye mlango wa kutokea palikuwa na msongamano kwa sababu kila mtu alikuwa anamsalimia kila mtu.

Jumatatu ya Pasaka

Siku ya wageni. Mbalaga, ndizi zetu za kupika, kwenye sufuria za msibani, mchele, kuku wawili ambao jana walikuwa wanatembea. Nimeamka tena saa tisa usiku, niandike na hilo. Hofu ilikuja, ikanikuta. Mvua ilikuwa inapiga bati na nilimfikiria pale chini. Tofauti ni kwamba nilikaa nayo kitandani badala ya kuikimbia sebuleni, nikasema kimoyomoyo yale ya mama mkubwa, Bwana hajamalizana nao, nikayasema tena, na mahali fulani katikati nikapotelewa. Nilipoamka kulikuwa kumekucha na yule binti alikuwa ameninyang'anya mto.

Mchana kikao cha familia. Mjomba alifungua kwa sala ndefu yenye hoja zake zote ndani, jambo ambalo kaka alilipinga rasmi. Mama mkubwa akaulizwa, kama mkubwa wa upande wa marehemu. Akasema marehemu alikuwa hapendi vumbi na tailizi zinafutika kwa urahisi, hapo kaka akatabasamu. Akasema vilevile paa na picha hapana, maana siku akiamka hatahitaji kujitazama. Watu wakapiga makofi. Kwa hiyo itakuwa tailizi za chini, bapa, bila paa, mwezi wa saba mvua zikipungua. Michango ikaandikwa. Mimi nimeandikwa kiasi ambacho sikukitaja.

Baadaye nilimuuliza mama mkubwa kama sasa atalala. Alisema hajui. "Nimezoea kukesha. Zamani nilikuwa nakesha na wagonjwa, sasa nakesha na Mungu. Kuna usiku hasemi." Akaniuliza na mimi. Nikamwambia kwamba bado siwezi kuona namna mwili ule utakavyoinuka, nikijaribu kupiga picha kichwani nashindwa. Akasema Paulo naye aliulizwa na Wakorintho hivyo hivyo, wafufuliwaje wafu, na jibu lake la kwanza lilikuwa kumwita muulizaji mpumbavu. La pili ndilo habari ya mbegu. "Wewe chukua la pili."

Jumanne: Kurudi

Basi la moja kwa moja, alfajiri. Ndoo tupu nimemwachia mjomba, anataka kuwekea maziwa. Binti wa kaka amenipa karatasi aliyochora makaburi yote yana milango.

Daftari nililitoa Makambako niandae somo la Tomaso. Nimeandika swali moja tu la kuwauliza watoto: katika zile siku nane, Tomaso na wenzake walikuwa wanaongea nini wakati wa kula? Sina jibu lake kwenye kitabu cha mwalimu. Na ungamo la imani Jumapili nimepanga tuliseme tumesimama duara, si wao mbele yangu, nikinyamaza wanisikie nimenyamaza, nikisema wanisikie.

Baada ya hapo sikumbuki. Kitonga tumeshuka sijui, Mikumi tumepita sijui. Mama wa siti ya pembeni ameniambia tembo walikuwa watano, karibu kabisa na barabara, basi zima limesimama upande mmoja kupiga picha, na mimi nimemlalia begani kuanzia Mafinga na nilikuwa nakoroma. Ameniamsha Chalinze kwa sababu bega limekufa ganzi na yeye anataka kununua korosho.